Mpunga wa Bumula na Mbolea ya Mahindi

Msiniulize nimesikia wapi. Nilikuwa pale mwenyewe, duka la pembejeo hapa Kitale, karibu na kaunta kuliko hata mizani.

Mama mmoja wa Bumula aliweka kauntani miche miwili ya mpunga, majani ya manjano, tope likidondoka.

"Mzee wangu aliipanda, halafu akatuacha," akamwambia muuzaji. "Aliniagiza niweke mbolea ya CAN ikifika magotini. Nimeweka, na si unaona? Nilitaka tule wali wake siku ya kumkumbuka."

"Mzee alikuwa analima nini?"

"Mahindi, bana. Kule Kachibora, miaka yote."

Muuzaji akashusha pumzi. "Mama, CAN ni ya shamba kavu. Kwenye maji, chakula chake kingi hugeuka hewa kikapaa kabla mizizi haijala. Mpunga unataka urea, uizike ndani ya tope."

"Kwani alinidanganya?"

"Hapana. Alikuachia alichojua."

Mama akafuta mizizi kwa pembe ya leso, polepole. Ilikuwa na rangi ya kutu. Mimi, bingwa wa yasiyonihusu, nikasema imekufa.

"Wapi!" muuzaji akanikata. "Kutu ni dalili majani bado yanaiteremshia hewa. Iliyokufa huwa nyeusi, inanuka yai viza."

Mama akachukua urea, akaifunga miche lesoni, akatoka akitabasamu.

Wanaume, tuagize kwa uangalifu. Kuna mtu atatutii hata tulipokosea.

Yote hayo niliyaona. Tabasamu tu nimeliongeza, maana jinsi alivyotoka kweli sikuweza kuiandika.