Mwanamke Aliyecheka Mshairi Akinyongwa

Jumamosi moja ya Aprili, mabawabu wawili wenye sare za vifungo vya shaba walimbeba Minna Kratz kutoka safu ya tatu ya jumba la sinema la mji wetu wa Akron, wakampitisha mbele ya majirani zake kama gunia la viazi, wakamtua kando ya barabara. Alikuwa bado ameshika mkono wa kiti, kwa sababu kiti kilikubali kung'oka kabla yake. Kosa lake lilikuwa moja: alicheka mshairi akinyongwa.

Minna hukagua matairi kiwandani. Homa ilimziba masikio angali mtoto. Tangu hapo husoma midomo ya watu, tena kwa ufasaha kuliko mchungaji wetu anavyosoma Zaburi. Kwenye dansi kazi yake ni kulinda makoti ya wenzake. Sinema ndiyo mahali pekee ambapo yeye na mwenye masikio hupewa kitu kilekile, picha isiyotoa sauti. Ndiyo maana kila Jumamosi huvaa kofia yake ya buluu na kwenda kukaa sawa na watu.

Filamu ya siku hiyo ilimhusu mshairi mhuni wa Paris ya kale, mwizi wa mvinyo na mruka mapaa, ambaye upanga wake ulikuwa mwepesi kama ulimi wake. Mwishowe mfalme anaamuru anyongwe. Kitanzi kikiwa shingoni, mshairi anainua macho mbinguni, na maandishi yanatokea: "Kwaheri, Paris! Nakuachia moyo wangu!" Ukumbi mzima ukalia. Mpiga kinanda, anayeisindikiza picha kwa muziki, akalowesha kinanda kwa machozi. Minna akaangua kicheko, na kwa kuwa hajawahi kukisikia, hajui ukubwa wake.

Meneja, Bwana Orville Tuttle, alimfuata hadi barabarani.

"Bi Kratz, huna haya? Mtu ananyongwa, wewe unacheka!"

"Sikucheka kitanzi. Nimecheka alichosema."

"Kasema anauacha moyo wake!"

"Hayo mmeandika ninyi. Yeye kasema, 'Nani kanivisha soksi za mtoto? Zinanikata mapaja!' Mfalme naye kamjibu, 'Geukia huko, mzee, unanuka vitunguu.'"

"Mama wee! Hii ni sinema bubu! Hakuna anayesema kitu!"

"Basi ile midomo inatafuna nini?"

"Na wewe ni kiziwi! Utasikiaje nisichosikia mimi?"

"Hilo ndilo nami nakuuliza. Masikio yote hayo umeyabeba ya nini?"

Wapita njia wakacheka. Bwana Tuttle, akitaka kumwaibisha, akamrudisha ndani kwa onyesho la pili ili atafsiri hadharani. Minna alisimama juu ya kiti kisicho na mkono, akapaza sauti. Binti wa kifalme, aliyeandikiwa "Nitakungoja milele," kumbe alikuwa akiuliza kama supu imekwisha. Kasisi aliyekuwa akimwombea mshairi alikuwa akisimulia habari za mbwa wake aliyekula zulia. Waliolia mchana walicheka hadi wakateleza vitini. Mpiga kinanda, asijue apige maombolezo au dansi ya polka, alipiga vyote viwili kwa pamoja.

Asubuhi yake bango lilitundikwa mlangoni: VIZIWI HAWARUHUSIWI. WANASIKIA MNO.

Jumamosi iliyofuata Minna alifika na kofia yake ya buluu, na mkono wa kiti kwapani.

"Nimeurudisha," alimwambia bawabu.

Bawabu alilisoma bango kwa makini, asije akakosea sheria. "Mkono unaweza kuingia, dada. Wewe huwezi."

Mkono ukaingia, ukawekwa safu ya tatu, ukatazama filamu yote. Minna alibaki nje akiitazama milango.

Bwana Tuttle, mimi ninayeandika haya sikuombi hisani. Liondoe lile bango leo, na umrudishie Minna Kratz kiti chake, kikiwa na mikono yote miwili, bila masharti na bila kumwambia acheke lini. Nanyi mnaotengeneza filamu, mkimvika mtu joho la mshairi, mpeni na shairi la kusema. Wapo watu wanaowasikiliza.