Wembe Kabla ya Mkuki

Katika ukoo wetu huku Titye, matanga huishia kwenye wembe. Shangazi humnyoa mrithi kwanza, kisha wengine, na aliyetangulia kunyolewa ndiye hukabidhiwa mkuki. Baba yetu alikuwa mtwale, chifu mdogo wa mlima huu. Serikali ilifuta cheo hicho zamani, lakini anayeshika mkuki ndiye anayegawa mashamba ya bondeni, na watu bado humwita mtwale.

Kaka yangu aliyeushika alipofariki, shangazi nilikuwa mimi.

Wawili walitaka kutangulia. Mmoja ni mtoto wa marehemu. Nyumba yangu iko uani kwake, nakula kwake. Wa pili ni mtoto wa kaka yetu mkubwa, aliyekwenda kukata mkonge Tanga akafia huko. Kijana huyo alishuka basi akiwa hajui Kiha hata salamu.

Watu wa yule wa kwanza walimzuia kwenye minyaa ya mpaka, fimbo mikononi.

"Mtwale gani anayesalimia kwa Kiswahili? Rudi kwenye mkonge wako!"

"Mkonge una miiba," akajibu. "Njoo uuone mkono unaoukata."

Wakapigana wao na rafiki zake aliokuja nao kutoka Tanga. Maharage yetu yakalala chini. Mimi nilibaki kwenye kigoda changu, beseni la maji miguuni, nikimlilia kaka yangu kimoyomoyo. Sikuinuka. Bila wembe wangu hakuna mkuki, nilijua watakuja.

Wakaja, wamechanika mashati. Mwana wa marehemu alikuwa anatoka damu utosini. Akainamisha kichwa mbele yangu.

"Shangazi, anza."

"Baba yako hakuulaza ule mkuki nyumbani kwake hata siku moja," nikamwambia. "Aliuweka kwenye dari la jikoni kwangu. Alisema ni wa mkubwa wake, yeye anamshikia tu. Mpishe mwenzio."

"Na wewe utakula kwa nani?"

"Sijui. Mpishe."

Akainuka. Nikamnyoa wa Tanga mpaka kichwa kikang'aa, nikamkabidhi mkuki. Nilidhani yule mwingine ameondoka. Kumbe alikuwa amechuchumaa nyuma ya mwenzake, wa pili. Nikabadilisha maji, nikamwosha damu polepole, nikamnyoa.

Jioni mwana wa marehemu akabisha mlangoni kwangu.

"Shangazi, ugali unapoa."