Alama za Vidole Kwenye Kitambaa cha Meza

Kanisani wote walimwita Mama Sabuni, na hakuna siku aliyolikataa jina hilo. Alikuwa dobi wa hospitali, mwaka wa ishirini na mbili sasa, na hata siku ya mapumziko akikupa mkono ulibaki unanukia sabuni ya mche mpaka jioni. Watoto wachanga walimpenda kwa harufu hiyo hiyo. Mtoto akigoma kunyamaza ibadani, mama yake alimpitisha benchi kwa benchi mpaka kwa Mama Sabuni, akalazwa shavu begani, na kabla wimbo haujaisha amelala fofofo.

Chumba chake cha kazi kilikuwa nyuma ya hospitali: mapipa mawili makubwa ya kuchemshia, sinki la saruji lililomomonyoka ukingoni pale anapoegemeza tumbo, na uani kamba zimepangwa safu kwa safu. Mashuka yote yalipita hapo, ya wodi ya wazazi, ya majeruhi, na ya vile vyumba viwili vya mbele vyenye mapazia mazito wanakolazwa wakubwa. Yote pipa moja. Siku moja msimamizi mpya alikuja kumwagiza ayatenge ya wakubwa. Mama Sabuni akamjibu kwa upole kwamba hana neno, ila wakubwa waandike majina yao kwenye uchafu, maana yeye akishachemsha hajui tena lipi la nani. Msimamizi alicheka mpaka akasahau kilichomleta.

Jumapili alikuwa na kazi nyingine, ambayo hakupewa na mtu. Alijikuta nayo tu. Kitambaa cheupe cha meza ya Bwana kilikuwa chini ya mikono yake. Kilikuwa kirefu, kinaifunika meza nzima ya mbao na kuning'inia pande zote kwa kiasi cha shibiri mbili. Zamani mbele ya meza palikuwa na kizuizi cha mbao cha kupigia magoti. Mchwa wakakila, kikang'olewa ili kitengenezwe, na hakikutengenezwa. Basi watu wakazoea kupiga magoti kuizunguka meza yenyewe, na kwa kuwa mtu anayepiga magoti hutafuta pa kushika, wakashika ukingo wa kitambaa. Sasa ndivyo ilivyo. Mgeni akija na kuikunja mikono kifuani, watoto humshangaa.

Na humo ndimo mlimokuwa na shida. Nusu ya watu wa kanisa lile walifanya kazi kiwanda cha ngozi kilichokuwa mtaa wa pili. Walishinda wameinama juu ya mashimo ya maji ya magome ya miti, wakiloweka ngozi na kuzigeuza, na mikono yao ilikuwa ya kahawia mpaka kwenye vifundo, kama watu waliovaa glavu. Walioga, wakajisugua, wakavaa mashati ya Jumapili, lakini rangi ile haitoki kwa kuoga, na harufu nayo ilikuwa haijui Jumapili. Kila baada ya meza kitambaa kilibaki na alama za vidole ukingoni, vinne vinne, na kidole gumba kwa chini.

Kuzitoa kulikuwa na siri yake. Alama ya magome ukiianzia na sabuni, inazama na haitoki tena. Lazima ndimu kwanza, na chumvi kidogo, kisha jua, ndipo sabuni. Mama Sabuni aliijua siri hiyo kwa sababu alikuwa na mwalimu nyumbani. Mumewe alikuwa fundi wa mashimo yale yale.

Fundi alikuwa mtu mrefu, mpole, wa maneno machache. Kwa miaka kumi na mmoja alimsindikiza mkewe mpaka langoni mwa kanisa, akamshikia mkoba huku mkewe anafunga kilemba vizuri, akageuka akarudi. Akiulizwa, husema kanisa si mahali pa mtu anayenuka. Mkewe hakumsumbua. Alimwombea tu, kila siku, akiwa amezamisha mikono kwenye sinki. Kisha Jumapili moja mvua ilinyesha ghafla, Fundi akaingia kujikinga, akasimama mlangoni akaona wenziwe wa kiwandani wamepiga magoti wameshika kitambaa cheupe kwa mikono ile ile anayoijua, na hakuna aliyewaambia kitu. Jumapili iliyofuata alimshikia mkewe mkoba mpaka ndani. Toka hapo walipiga magoti pamoja, yeye mkono wa kushoto wa mkewe, miaka saba sasa.

Katika miaka hiyo mtaa nao ukabadilika. Nyumba mpya zikajengwa upande wa juu, zenye vigae na mageti, na watu wa maofisini wakaanza kuja kanisani. Walikuwa watu wazuri. Walileta viti, walifundisha watoto kuimba, na mmoja wao, mzee aliyestaafu ukaguzi wa shule, akachaguliwa kuwa mzee wa kanisa. Wote walimwita Mkaguzi. Alikuwa makini kuliko saa ya ukutani, na alichokiona kimekaa vibaya hakuweza kukipita bila kukigusa.

Jumapili moja baada ya ibada alipita mezani, akaweka kidole kimoja kwenye ukingo wa kitambaa, akamwambia Mama Sabuni, si kwa ubaya, "Mama, hizi naona zimekushinda."

Mama Sabuni alitabasamu. Alikikunja kitambaa, akakitia kwenye mkoba, akatembea mpaka nyumbani, na usiku ule wali uliungua, kitu ambacho Fundi hakuwahi kukiona tangu amuoe. Aliula na ukoko wake akasema ni mtamu.

Kwa hiyo Mchungaji alipomjia wiki mbili baadaye, alimkuta na kidonda kibichi. Mchungaji alikuwa kijana, umri wa mwanawe wa kwanza, mwenye tabia ya kukosea vifungo vya shati akiwa na mawazo. Siku hiyo shati lilikuwa upande. Akaeleza kwamba wazee wamekaa, wameona kanisa limejaa, wameona heri ziwe ibada mbili. Saa moja asubuhi watu wa kiwandani, saa nne wengine. Meza mbili. Na kitambaa, kama mama ataona inafaa, kikatwe viwili. Mama mwenyewe, kwa kuwa ni mhudumu wa meza, atakuwa ibada ya saa nne. Alisema yote hayo akiangalia sakafu. Akaongeza kwamba watu ndivyo walivyo, kila mahali mtu hukaa na wa kwake, na kanisa likitaka kukua haliwezi kushindana na jinsi mji ulivyo.

Mama Sabuni alisikia jambo moja tu katika hayo yote. Alisikia kwamba kitambaa cha saa nne kitakaa cheupe. Akasema sawa, atakikata.

Jumapili iliyofuata tangazo likatolewa, kwamba ibada mbili zitaanza wiki inayokuja. Watu wa kiwandani hawakusema kitu. Ndivyo walivyozoea mambo kutangazwa.

Jumamosi mchana Mama Sabuni alikitandaza kitambaa sebuleni, mkasi mapajani, akapima kwa kamba akapata katikati. Akamwita mumewe amshikie upande wa pili usiponyoke. Fundi alikuja, akasimama, akaweka mikono nyuma.

"Weka tofali," alisema. "Mikono hii usiiamini."

"Tangu lini?"

Mama Sabuni alimtazama usoni, halafu kwa mara ya kwanza wiki ile akamtazama mikono, akaivuta ije mbele. Ilikuwa imepasuka. Kati ya vidole ngozi ilikuwa imebanduka, nyekundu, na ilinukia ndimu. Hapo akakumbuka kapu la jikoni. Ndimu zilikuwa zinapungua na alikuwa amewalaumu panya, na Fundi mwenyewe alikuwa amekubali kwamba kweli panya wamezidi.

"Panya gani anakula ndimu, mzee wangu?"

"Niliona zinatoa kwenye kitambaa," alisema Fundi. "Nikadhani zitatoa na huku."

Alijaribu kucheka. Kisha akasema taratibu, kama anayezungumzia hali ya hewa, kwamba kesho ibada ya saa moja hatakwenda. Hana ugomvi na mtu. Saa nne atamsindikiza mpaka langoni, atamshikia mkoba, kama zamani.

Mama Sabuni alikaa na mkasi wake mapajani. Wenye kumjua wanasema hajawahi kulia mbele ya watu, na hata siku ile hakulia. Aliuweka mkasi chini, akaenda jikoni akaleta mafuta, akaketi mbele ya mumewe akampaka kidole kwa kidole, polepole, kama anavyompaka mtoto aliyetoka kuoga. Miaka kumi na mmoja ya kumwombea mtu aingie ndani, na yeye mwenyewe alikuwa amekubali kumtoa kwa sababu ya sifa ya ufuaji. Alipomaliza alikikunja kitambaa kizima, akajifunga kanga, akatoka.

Mchungaji alikuwa katika kile chumba kidogo cha pembeni ya kanisa chenye viti vilivyopandanishwa mpaka dari. Alipoona kitambaa hakijakatwa akadhani mama amekosa mkasi mzuri, akaanza kufungua droo kumtafutia.

"Acha, mwanangu. Mkasi ninao. Umenishinda."

Akaketi, akamweleza yote, na alianza na la kwake. Kwamba alikubali kwa kiburi. Kwamba Mkaguzi alimgusa kwenye kazi yake na yeye akasahau kazi ile ni ya nani. Kisha akamweleza habari ya ndimu. Mchungaji alisikiliza akiwa bado ameshika droo.

"Wazee wameshaamua, mama," alisema mwishowe. "Na wale wa juu wengine wameniambia wazi, isipokuwa hivi wataondoka."

"Wakiondoka tutawalilia. Tukikutana sokoni tutasalimiana, tutaulizana hali za watoto. Lakini Bwana mwenyewe akija akauliza meza yake ni ipi kati ya hizo mbili, utamwonyesha ipi?"

Mchungaji aliisukuma droo ikafungika. Mama Sabuni alinyanyuka, akamwekea kitambaa mikononi, na kabla ya kutoka akamfungua vifungo viwili vya shati akavifunga upya pale panapostahili. Mchungaji alisimama akafungwa kama mtoto anayepelekwa shule.

Jumapili alfajiri alimwambia Fundi avae shati la bluu waende saa moja, wote wawili. Fundi alitaka kuuliza, akaona uso wa mkewe, akavaa shati la bluu.

Walimkuta Mchungaji peke yake amefungua milango yote. Ile meza ndogo ya pili iliyoletwa Ijumaa alikuwa ameitoa nje, ile ndefu ameivuta katikati, jasho linamtiririka, na kitambaa kizima kimetandazwa juu yake, upande mmoja kimezidi kidogo, jambo ambalo Mama Sabuni alilirekebisha kabla hata ya kusalimia. Watu wa kiwandani walipofika aliwaomba radhi, akawaomba wasubiri, ibada ni moja, ni saa nne. Wakasubiri. Wengine walisinzia, akina mama wakanyonyesha, mmoja akaanzisha wimbo na wengine wakaufuata kwa sauti ya chini.

Saa nne wa juu walifika, wakakuta benchi zimejaa. Mchungaji akasimama. Hakuhubiri siku ile, alisema maneno machache tu.

"Niliogopa ninyi msije mkaondoka, nikamsahau aliyewaita. Nisameheni. Meza ni hii moja. Asiyeweza leo, mlango uko wazi, na wiki ijayo utakuwa wazi."

Familia nne ziliondoka. Hazikugombana na mtu. Mwanamke mmoja aliyekuwa anafundisha watoto kuimba alisimama mlangoni, akageuka mara mbili, kisha akamfuata mumewe, na watoto wa kwaya walikaa wamemtazama mpaka kilemba chake kikapotea nje ya geti. Hilo liliuma na halijaacha kuuma.

Mkaguzi hakuondoka. Alibaki kwenye kiti chake, amenyooka, miwani mkononi.

Watu wakaja mezani wakapiga magoti pande zote, waliokuwa na glavu za kahawia na wasiokuwa nazo, walivyotokea. Fundi alipiga magoti mkono wa kushoto wa mkewe, lakini mikono aliiweka mapajani. Mama Sabuni hakumtazama. Aliunyoosha mkono wake wa kushoto, akauchukua wa mumewe, akauweka juu ya kitambaa na wake juu yake, na hakuuondoa mpaka mwisho wa sala.

Mkaguzi hakuja mezani siku ile. Lakini watu walipokwisha kutoka, Mama Sabuni akiwa anakunja, alimsogelea, akavaa miwani, akainama akaziangalia zile alama muda mrefu.

"Hizi huwa zinatokaje?" aliuliza.

"Ndimu kwanza, mzee. Ukianza na sabuni umeharibu."

Mkaguzi akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyekuta shule inafundisha kitu asichokijua. Akasema wiki ijayo atakuja mapema asaidie kutandaza.

Jumatatu, baada ya kazi, Fundi alikaa uani kwao akiwa na kisu na kapu, anakata ndimu na kuzikamulia kwenye beseni huku akikwepa zisimwingie kwenye mipasuko. Mama Sabuni aliinama akatafuta ukingoni mwa kitambaa upande wa kushoto, akaziona alama nne na kidole gumba kwa chini, kubwa kuliko zote. Akazimwagia ndimu kama alivyozimwagia nyingine, akazisugua na chumvi, akakianika.

"Zako ndizo ngumu," alimwambia.

"Nitakuwa nashika kidogo tu."

"Shika vizuri," alisema Mama Sabuni. "Ila sabuni ipo bafuni, mzee wangu, na wewe hunawa kama paka."