Ruhusa ya Glenys Pritchard

Glenys Pritchard ana adabu mpaka inakera. Ukimkanyaga mguu, yeye ndiye atakayekuomba radhi. Miaka yote aliyopika chakula cha shule huko Hereford, Uingereza, hata alipowagombeza watoto waliorushiana maharage, alianza na "tafadhali". Mumewe, Des, husimulia kwamba siku ya harusi yao kasisi alipomwuliza kama anakubali kuolewa, alijibu, "Nakubali, kama si usumbufu." Des amelitunga hilo mwenyewe, lakini hakuna anayemfahamu Glenys aliyewahi kulitilia shaka.

Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, familia hiyo hutembea. Hawaendi popote. Wanaufuata Mto Wye, wanageuka, wanarudi nyumbani kunywa chai, na mvua ikinyesha wanavaa makoti ya mvua na kutembea vilevile. Baba yake Glenys alikuwa akimbeba mabegani kwenye njia hiyohiyo, ipitayo kando ya maji ndani ya shamba la akina Preece mpaka kwenye kona ambako mnara wa kanisa kuu huchomoza juu ya miti. Hapo konani ndipo Des alipomposa, wote wawili wakiwa wamelowa chapachapa. Ni hapo pia binti yao Rhian alipopiga hatua zake za kwanza, akaangukia mavi ya ng'ombe, akacheka.

Njia yenyewe ni rahisi, tambarare mwanzo hadi mwisho, na Des alipopata kiharusi urahisi huo ukawa kila kitu. Njia nyingine za jirani zina vilima, au zina vile vipandio vya mbao vya kuvukia uzio, na kiti cha magurudumu hakipandi kipandio. Des alikuwa dereva wa lori la maziwa, mtu aliyezoea kuwa barabarani kabla ya jua kuchomoza. Sasa wiki nzima alikaa dirishani. Jumapili peke yake ndiyo iliyomkumbusha kwamba yeye si samani ya nyumba.

Mzee Preece, mwenye shamba, alikuwa bahili wa maneno. Glenys alifunzwa na mama yake kwamba kwenye shamba la mtu huendi mikono mitupu, basi kila Krismasi ilipokaribia alimpelekea keki ya matunda, akasimama kizingitini na kuuliza:

"Bwana Preece, tunaweza kuendelea kupita kule mtoni? Kama huna neno."

"Piteni tu, mama. Kama kawaida."

Mlango ukafungwa, wakaonana tena mwaka uliofuata. Ule mwaka Des alipougua, Preece alikwenda mwenyewe, bila kuambiwa na mtu, akang'oa kipandio cha pale mtoni na kuweka lango pana. Hakulitaja hata siku moja. Glenys naye hakulitaja, ila keki ya mwaka huo ilinukia brandi tangu uani.

Kisha Preece akafa, na shamba likamwangukia mtoto wa kaka yake aitwaye Tristan, kijana wa London mwenye mabuti yasiyojua tope. Alitaka kupanga mahema ya kifahari ukingoni mwa mto kwa ajili ya wageni wa kulipia. Hakuwa mtu mbaya. Alitia kufuli langoni na kutundika kibao cha kukataza watu kupita, na kwenye kibao hicho aliomba samahani mara mbili.

Kijiji kikachemka. Sheria ya nchi ile huipendelea miguu: watu wakipita mahali kwa miaka ishirini bila kujificha, bila kuvunja kitu na bila kuomba ruhusa, njia inakuwa ya umma na mwenye shamba hawezi kuifunga tena. Kikao kikapangwa kwenye ukumbi wa kijiji, mkaguzi wa serikali aje kusikiliza mashahidi. Wote wakakubaliana kwamba shahidi mkuu ni Glenys, maana nani aliyepita pale kumshinda yeye?

Rhian ndiye aliyeshtuka. Siku hizo alikuwa mfamasia mjini, na alikuwa amekuja kuwatazama wazazi wake. Alikuwa akiosha vyombo, mama yake akivifuta.

"Mama, ile keki."

"Keki ipi?"

"Ya Bwana Preece. Ulikuwa unamwomba ruhusa."

"Nilikuwa namsalimia mzee wa watu."

"Unamwuliza tunaweza kupita, anakwambia piteni. Kila mwaka! Hiyo si ruhusa ni nini? Sheria inamtaka mtu aliyepita kama njia ni yake. Wewe umepita kama mgeni."

Glenys akavuta kiti akaketi, kitambaa cha vyombo kikiwa bado mkononi. "Yaani ningekuwa sina adabu, ningekuwa na haki?"

"Ndiyo hivyo."

"Sheria gani ya kipumbavu hiyo!"

"Ya kipumbavu, lakini ndiyo tuliyo nayo. Basi keki usiitaje. Nani atakuuliza?"

Des akadakia kutoka dirishani. Kiharusi kilimpinda mdomo, ulimi kiliuacha na makali yake. "Mwache mama yako. Huyu kudanganya hajui. Akijaribu, shingo inamwiva kama ya bata mzinga."

"Baba, wewe ndiye utakayefungiwa humu ndani!"

"Najua atakayefungiwa ni nani," Des akasema, akageukia tena dirisha.

Siku ya kikao ukumbi ulifurika. Wakili wa Tristan alikuwa mwanamke mpole, naye mpole kwa mpole wakaelewana upesi. Glenys alieleza habari za baba yake, za mabegani, za posa ya mvuani, na watu wakatabasamu.

"Nakushukuru sana, Bibi Pritchard," wakili akasema. "Nina swali moja tu, na pole kwa kukusumbua. Marehemu Bwana Preece, uliwahi kumwomba ruhusa ya kupita?"

Glenys alimtazama Rhian, akamwona anatikisa kichwa kidogo sana. Akamtazama Des, kofia mapajani, akamwona dirishani Jumapili hii na ijayo na zote zitakazofuata. Kweli alitaka kudanganya. Alitamani hivyo kuliko alivyowahi kutamani kitu. Akafungua kinywa, akahisi shingo inaanza kupata moto.

"Ndiyo," akasema. "Kila mwaka."

"Naye alikubali?"

"Alikubali. Alikuwa mtu mwema, na hilo pia tafadhali liandikwe."

Ukumbi mzima ukashusha pumzi. Glenys akawageukia majirani zake, akawaambia, "Samahanini," akarudi kuketi na hakuinua macho.

Aliyeitwa baada yake ni Gittins, jirani mwenye mbwa wawili wakorofi, ambaye hakusemezana na Preece tangu walipogombana juu ya ua wa miti uliokatwa vibaya. Wakili akamwuliza swali lilelile.

"Ruhusa? Nimwombe yule?" Gittins akafoka. "Nyumba yangu ingeungua nisingemwomba hata ndoo ya maji!"

"Pengine ulimsalimia mkikutana njiani?"

"Nimsalimie ya nini? Nilikuwa napita njia yangu."

Mkaguzi aliinama akaandika kwa muda mrefu. Wakafuata wengine, wavuvi na watembeza mbwa, ambao hawakuwa na ugomvi na mtu. Kuomba tu hakukuwahi kuwajia akilini.

Uamuzi ulitoka majira ya kuchipua. Njia ni ya umma, kufuli liondoke. Rhian alisoma kwa sauti, akipiga makofi katikati ya sentensi, mpaka alipofika palipoandikwa kwamba ushahidi wa Bibi Pritchard umewekwa kando, kwa kuwa yeye na familia yake walipita kwa hisani ya mwenye shamba. Hapo sauti ikamshuka.

Glenys alifurahi kwa ajili ya Des, alifurahi mpaka akalia. Lakini lile neno la kuwekwa kando lilimchoma. "Maisha yangu yote nimepita pale," akasema, "na hayahesabiki. Mbwa wa Gittins wamehesabika."

"Mbwa wa Gittins hawaombi samahani," Des akajibu.

Jumapili walitoka, Glenys akisukuma kiti, Rhian akibeba chupa ya chai. Lango lilikuwa wazi. Tristan alikuwa pale akikongoa misumari ya kibao chake, akasimama wima alipowaona.

"Habari za mchana, Bibi Pritchard."

"Habari za mchana, Bwana Preece," Glenys akasema, na kiti kikasimama chenyewe.

Tristan akangoja. Rhian akangoja. Yale maneno yalikuwa yamekwisha kufika ulimini, yote, na lile la "kama huna neno" likiwa la mbele. Glenys akapiga moyo konde, akakaza vidole kwenye vishikio, akasukuma. Wakapita langoni, wakaingia njiani, wala hakugeuka.

"Glen," Des akasema taratibu, "leo umekuwa Gittins kamili."

"Nyamaza," Glenys akasema, akizidisha mwendo, "kabla sijarudi kumshukuru."