Gari la Safari ya Pweto

Juzi, rafiki yangu, nilirudi mtaani kwetu Kampemba kufunga nyumba ya babu, na nyuma ya mlango wa jiko nikakuta kile kipande cha mpira wa maji kikining'inia kwenye msumari wake, urefu wa mkono mmoja, kimekauka na kupasuka. Nikakitia sikioni palepale. Kilikuwa bado kinanuka petroli, au labda ni pua yangu tu inayopenda kudanganywa.

Babu, ambaye sisi wajukuu tulimwita Kambo, alikuwa na gari dogo jekundu la milango miwili, limelala chini hata kuku wa jirani walilipanda bila shida. Alilinunua kwa Mzungu aliyekuwa akihama, mwaka ule babu na wenzake walipoachishwa kazi kwenye tanuru za shaba. Wenzake walitoa viti, wakakaa mbele ya nyumba zao. Bibi alikuwa akisema mwanaume anayekaa mbele ya nyumba haoni mvua ya pili, na kweli, tulikwenda kwenye vilio vyao mmoja baada ya mwingine.

Babu hakukaa. Kiangazi chote, jua likishapoa na vumbi limetulia, alifungua kapo, kifuniko cha injini, akatandaza vyombo vyake juu ya gunia, akasugua plagi kwa mswaki wa zamani. Bibi alikuwa kwenye mbabula, jiko lake la makaa, anasonga bukari, samaki wakavu wakichemka na nyanya, moshi wa makala ukitupitia sote. Gari alikuwa akiliita mke mwenzake. Yeye anaoshwa kila siku, alilalamika, na mimi hata sabuni naomba.

Bibi alizaliwa Pweto, kando ya ziwa, na babu alimwahidi kumpeleka kwa gari lile akalione ziwa tena. Bibi alicheka akisema tumbo la gari litabaki kwenye mashimo ya Kinsevere, mwanzoni tu mwa njia. Lakini matengenezo yote yalikuwa ya safari hiyo, nami nilikuwa nimeahidiwa nafasi nyuma ya viti, katikati ya mizigo.

Injini ilikuwa na kabureta mbili, na zilipaswa kuvuta hewa sawasawa, la sivyo gari lingechechemea njiani. Fundi husikiliza kwa mpira: ncha moja kwenye kabureta, nyingine sikioni. Masikio ya babu yalikuwa yamebaki kwenye tanuru. Kwa hiyo bibi alifuta unga mikononi, akainama, akasikiliza huku, akasikiliza kule, macho ameyafumba, na babu ameweka kiganja juu ya injini akiitazama midomo yake. Mwanga wa jioni ulikuwa mwekundu kama gari lenyewe. Sijui tulisimama hivyo jioni ngapi.

"Bado," alisema bibi.

Babu akageuza skurubu kidogo. Bado. Kesho yake, bado. Mpaka mvua zikaanza, njia ikaharibika, na safari ikasogezwa kiangazi kingine. Niliichukia ile bado kwa moyo wangu wote.

Bibi alikufa mvua zilipokuwa zinaisha. Matanga yalipomalizika, babu aliwasha gari, akanipa mimi mpira. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na miwili. Nikasikiliza huku, nikasikiliza kule, nikarudia nisije nikakosea.

"Kambo, iko sawasawa," nilimwambia kwa sauti kubwa. "Pande zote mbili."

Hakushangaa. Kiganja chake kilikuwa palepale juu ya injini.

"Nilikuwa nayua," alisema. "Tangu zamani mukono yangu inasikia. Ile bado yake, njo ile ilikuwa kazi yangu."

Akazima injini, akafunga kapo, akaniomba nimtolee kiti mbele ya nyumba.

Aliona mvua moja. Gari lilichukuliwa na watu, na pale lilipokuwa likisimama pana kibanda cha vocha za simu. Pweto nimefika mara mbili kwa basi, na ziwa ni zuri kama bibi alivyosema. Lakini juzi, pale jikoni, mpira sikioni, sikuwa natafuta ziwa. Nilikuwa nangoja mtu aniambie bado.