Kisima cha Kunyweshwa

Mtaani walimwita Fuko, na jina likamkaa. Alichimba visima tangu ujana, na mngurumo wa mashine yake ulikuwa umemzoesha kupaza sauti hata anapoomba chumvi mezani.

Zamani maji yalikuwa karibu. Kisha mvua zikabadilika tabia: jua mwaka karibu mzima, halafu siku mbili za mafuriko, maji yote yakakimbilia bondeni na kupotea. Kila mwaka Fuko aliunga bomba juu ya bomba akizidi kushuka. Mwisho akachimba kwa fundi cherehani mmoja, mashine ikatema vumbi tupu. Jioni ile hakugusa chakula.

"Nimekuwa kama mtu anayemkamua ng'ombe aliyekwisha kufa," alimwambia mkewe.

Haikupita muda, ofisi ya maji ikamwita. Mhandisi, mama mnene mcheshi, alimpeleka bondeni akamwonyesha pa kuchimba. Safari hii si kwa kuvuta maji, bali kuyashusha. Mafuriko yangetulizwa kwenye bwawa, yachujwe kwa changarawe na mchanga, kisha yazame chini kabisa, mahali jua halifiki.

"Yaani nichimbe kisima halafu nikinyweshe?"

"Umekinyonya miaka yote, baba. Sasa kilishe."

Fuko alicheka, akakubali. Mvua ya kwanza iliwaumbua wote wawili: tope lilipenya likaziba kisima kama uji uliogandia sufuriani. Mhandisi hakutafuta wa kumlaumu. Walikaa kwenye tairi la trekta wakachora upya, wakaongeza bwawa la pili juu ya lile la kwanza, ili tope libaki huko.

Mvua iliyofuata, mabwawa yalijaa mpaka pomoni na maji yakaanza kushuka bila kukwama. Ndipo akaja shemeji yake, mfyatua matofali, na pampu begani.

"Shemeji, maji yamejaa hivi na wewe unayafungulia shimo? Una akili kweli?"

"Ninazo chache. Nyingine anazo dada yako."

"Sitanii. Nina tanuri la kulisha."

"Jaza mapipa yako leo, sikukatazi. Lakini pampu irudi nyumbani. Tukiyaacha hapa juu, jua litayanywa kabla yako."

"Akiba haiozi, wanasema. Hii yako hata haionekani."

Akajaza mapipa, akaondoka amenuna, na kwa miezi hakukanyaga kwa dada yake. Mke wa Fuko alipakua chakula akimgeuzia mgongo. "Maji umeyazika," alisema siku moja, "na ndugu yangu umemzika pamoja nayo." Neno hilo lilimuuma Fuko, ila pampu hakuiruhusu.

Halafu mvua ikakata. Msimu ukapita, wa pili nao ukapita mkavu. Mabwawa yakapasuka nyufa za kuingia mguu. Fuko alizunguka visima vya mtaani na kamba yake ya kupimia, akiishusha polepole, roho mkononi. Kila alipoivuta ilitoka imelowa, na maji yalikuwa juu kuliko alivyoyapima mwaka wa mwisho kabla ya mabwawa. Hata kwa fundi cherehani, walipochimba tena, maji yalipatikana. Mitaa ya ng'ambo ya bonde ilipanga foleni kusubiri boza la maji. Upande huu watu walifua nguo zao.

Shemeji alikuja asubuhi, mikono mitupu. Dada yake akamsogezea kiti.

"Kwa maji ya visima, kazi yangu ya matofali haijasimama hata wiki moja," alisema, akiangalia chai yake. "Nilidhani unanikomoa."

"Kunywa chai, shemeji."

Siku hizi shemeji ndiye msimamizi wa kukwangua tope kwenye mabwawa. Hulichukua lote akafyatulia matofali, na humgombeza yeyote anayekanyaga mchanga wa kuchujia. Ofisi imeagiza visima vingine vya kunyweshwa huko ng'ambo. Fuko amekwisha kwenda kupaangalia, akapigilia vigingi, na juzi mashine ilipelekwa.