Jibu Lililokuwa kwenye Kola

Kaka yangu Lutfi alifundisha historia hapa Mansura miaka thelathini na minne, na mtaa mzima ulimwita ustadhi, hata waliomzidi umri. Mimi nilimwita Lutfi. Nilimzidi miaka miwili, na darasani nilimzidi zaidi ya hapo, lakini nilipomaliza la sita baba alisema nyumba ina uwezo wa kusomesha mmoja tu. Hakutaja jina. Hakuna aliyeuliza nani.

Nikawekwa kwenye cherehani. Mashati aliyovaa chuoni niliyashona mimi, na vigezo vya kola, zile karatasi za kupimia kitambaa kabla ya kukikata, nilivikata kwenye vitabu vyake vya sekondari. Alinipa mwenyewe. "Chukua, Inshirah, mimi nimeshavimaliza." Sikuwahi kupeleka mkasi kwenye ukurasa kabla sijausoma pande zote mbili. Kwa hiyo na mimi nilisoma sekondari, ila kwa mpangilio wa mashati.

Kila Ramadhani, baada ya alasiri, watu wakisubiri mzinga wa kutangaza futari, Lutfi aliweka kiti mlangoni mwa jengo letu akauliza maswali ya historia ya dunia. Nani alijenga, nani alipinduliwa, mwaka gani. Aliyepatia, Lutfi alijipiga goti kwa kiganja akasema "Sahihi!" kwa sauti ya kufika ghorofa ya nne. Wauza mboga waliipata sahihi hiyo. Bayumi mkaanga maharage, mtu aliyedhani Roma iko Ugiriki, aliipata mara mbili. Mimi nilijibu kutoka dirishani, nguo ya mteja mapajani, na kila nilipopatia alisema, "Haya, swali jingine."

Nilikuwa naitaka sahihi ile. Sioni haya kusema. Mtu wa miaka hamsini na sita, naitaka kama mtoto anavyotaka kiatu cha Idi.

Siku moja akauliza: "Siku Mfalme Louis wa Tisa wa Ufaransa alipoachiwa huru, nani alikuwa anatawala Misri?"

Mansura hakuna asiyemjua Louis. Tulimfunga sisi, na nyumba aliyofungiwa ipo mpaka leo. Wakajibu wote kwa pamoja: "Turanshah!"

"Turanshah ni wakati anafungwa," nikasema dirishani. "Alipoachiwa, Turanshah alishauawa siku chache nyuma. Kiti kilikuwa cha Shajar al-Durr."

"Mwanamke?" Bayumi akacheka. "Dada Inshirah, leo saumu imekupanda kichwani!"

"Wewe angalia mafuta yako yasiungue. Muulize ustadhi wako."

Lutfi akanitazama. Akalamba midomo, vilevile alivyoilamba utotoni baba akiuliza nani kavunja mtungi. "Turanshah," akasema. Akajipiga goti. "Sahihi, jamaa zangu, sahihi!"

Vigezo vyangu vyote nilivitunza kwenye mkebe wa biskuti. Nilikitafuta kile chenye habari za Shajar al-Durr, nikashuka nacho mpaka mlangoni, nikamwekea mkononi. "Soma. Kitabu ni chako."

Hakusoma. Alikishika kwa ncha za vidole akakiinua juu ili kila mtu aone umbo lake. "Jamani, dada yangu anasoma historia kwenye kola! Kesho atatuletea jiografia kwenye suruali."

Walicheka mpaka mzinga ukalia. Kila mtu akakimbilia tende yake, na Lutfi akaingia ndani na kigezo changu mfukoni.

Ramadhani kumi na moja zilizofuata, ikifika alasiri nilifunga dirisha. Hakuuliza hata mara moja kwa nini.

Amekufa mwaka huu. Wanaume walikaa kwenye hema chini, sisi wanawake juu kwake, na kazi ya kuzungusha kahawa ya msiba isiyo na sukari nikaichukua mimi. Alikuja Sausan, mwalimu wa shule ya wasichana, aliyefundishwa naye. Akawa anawasimulia wenzake.

"Alikuwa haridhiki na majibu ya kukariri. Nakumbuka alitwambia, Mansura nzima itawaambia Turanshah ndiye aliyekuwa anatawala Louis alipoachiwa. Mkiandika hivyo nawakata alama. Ni Shajar al-Durr!"

Nikasimama hapo na birika. "Hiyo ilikuwa lini, binti yangu?"

"Nilikuwa kidato cha pili, hajati. Tumerudi tu kutoka likizo ya Idi. Nakumbuka kwa sababu alitoa mfukoni kipande cha karatasi kimekatwakatwa ajabu, akatusomea."

Nikahesabu. Ilikuwa Idi ya Ramadhani ileile aliyotia kigezo changu mfukoni.

"Jibu hilo lilikuwa langu," nikasema. "Na karatasi ni yangu. Nilimpa mimi."

Sausan akaniwekea mkono juu ya mkono wangu, taratibu, kama anayemtuliza mgonjwa.

"Bila shaka, hajati," akasema. "Alitufundisha sote."

Akaninyooshea kikombe chake nimwongezee. Nikammiminia.